Hodi Chini ya Mstari

Asubuhi hiyo foleni ya midundo ilianzia dirishani kwa dada mpimaji, Tumpale Mwakyusa, ikapita chini ya turubai la chai, ikaishia kwenye uzio wa mgodi. Kila aliyepanga foleni alikuwa na chombo cha kugonga: ndoo, sufuria, kibao cha kukatia mboga. Mama mmoja alibeba kiti kizima, kwa sababu mwanawe alizoea kugonga viti. Walikuja kulifundisha Sikio, mashine ya kuwasikiliza walionaswa chini, namna watu wao wanavyogonga.

"Anza ukiwa tayari, baba," Tumpale alisema.

Mzee Mwaijande aligeuza ndoo yake kichwa chini, akapiga. Mwanawe alikuwa mpiga ngoma wa kwaya, na ilionekana alimrithi nani. Watu kwenye foleni walianza kutikisa vichwa bila kukusudia, kisha wakakumbuka walipo, wakaona aibu. Kwenye skrini mdundo wa Mzee Mwaijande ulijipanga chini ya midundo mingine, na mstari mwekundu ulio juu yake ukapanda kidogo, unene wa unywele hivi.

Tumpale aliuona ukipanda. Alikuwa akiuona tangu alfajiri.

Chini ya miguu yao moto ulikuwa unawaka. Kwa muda mrefu sasa makaa ya Itungulu hayakuchomwa na mtu. Yalichimbwa yafumwe nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zilizoshikilia madaraja na majumba ya nusu ya nchi. Watoto wa Itungulu walikua hawajawahi kuona kaa likiwaka. Kisha, siku chache kabla ya foleni hii, cheche moja ikayakumbusha makaa asili yake, paa la mgodi likashuka, na zamu nzima ya asubuhi ikabaki ndani. Lusajo, mdogo wake Tumpale, alikuwa kwenye zamu hiyo.

Aliyefuata dirishani alikuwa Sekela, mke wa mchimbaji. Alikuja mikono mitupu.

"Wangu hana mdundo," alisema. "Kanisani alikuwa anapiga makofi wenzake wakishamaliza."

Foleni ilicheka. Sekela naye alicheka, halafu uso ukamharibika, akaufunika kwa khanga. "Mwambie Sikio limsikilize hata hivyo. Lisikilize mtu asiyejua kupiga."

"Dada Sekela, hilo ndilo gumu kuliko yote."

"Gumu kwa nani? Sheria inasema kila familia ina haki ya mdundo. Au sheria ni ya wenye ngoma?"

Sheria ilisema hivyo kweli. Wajane wa mgodi mwingine waliandamana mpaka wakaipata, kwa sababu huko mashine ilitangaza kimya huku watu wakigonga mdundo ambao haikufundishwa. Ilikuwa sheria nzuri, iliyotungwa kwa machozi, na machozi hayajui hesabu.

Tumpale alitoka nje akasimama juu ya kreti la soda. Hakuwa mtu wa hotuba. "Ndugu zangu, naomba mnisikilize," alisema. "Ukienda stendi kumpokea mgeni, ukaambiwa amevaa koti la mistari myekundu, ukimwona tu unamwita. Ukiambiwa labda koti, labda kanzu, labda amevua shati, utaita watu wengi wasio wako. Ndivyo Sikio lilivyo. Mlima huu haunyamazi hata siku moja. Mawe yanapasuka, maji yanadondoka, moto unatafuna. Hatujui watu wetu wako pembe gani, wala walianza kugonga saa ngapi, wala wanagonga haraka au polepole. Sikio linajaribu kila pembe, kila saa na kila mwendo, halafu linachukua kinacholingana zaidi. Lakini ukijaribu vitu vingi vya kutosha, hata kelele tupu itavaa sura ya mtu. Kwa hiyo kila tunapoongeza mdundo, inabidi upande mstari ambao sauti lazima iuvuke ndipo Sikio liseme ndiyo, ili tusidanganywe."

"Tukidanganywa kuna nini?" Mzee Mwaijande aliuliza. "Si tunachimba tu, tukikosa tunachimba pengine?"

"Tundu tunaloweza kutoboa ni moja, baba. Likikosea, hewa inaingia inaukoleza moto, na aliye hai pembe nyingine anakufa kwa mkono wetu."

Mzee alifikiri. Watu wengi humdhania mtu mwenye ndoo kuwa hafikiri, lakini yeye alifika palepale Tumpale alipoogopa. "Kwa hiyo mdundo wa mwanangu umepandisha mstari kwa mtoto wa mwenzangu."

"Ndiyo."

"Umemwongezea ukuta."

"Kidogo, baba. Lakini mkija wote..."

Hakumaliza. Kelele ilizuka kwenye foleni, na sauti moja nyuma ikasema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, tena hilo la serikali lilikufa zamani. Hakuna aliyeondoka. Nani angeondoka? Asiyekuwepo na lake halipo, na kila mmoja pale alikuwa amesimama badala ya mtu asiyekuwepo. Tumpale alishuka kwenye kreti, akarudi dirishani, akaandikisha mdundo wa mume wa Sekela: mdundo usio na mpangilio wowote. Kwa mara moja mstari uliruka juu kuliko ulivyopandishwa na midundo yote ya asubuhi.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mama yake mwenyewe. Alishika mwiko wa ugali.

"Wa Lusajo umeuweka?" mama aliuliza.

Tumpale alijua angeulizwa. Mdundo wa Lusajo aliujua kama anavyojua jina lake. Tangu utotoni, akichelewa kurudi, alikuwa anagonga dirisha la nyuma: mbili za haraka, kituo, moja, kituo, halafu mbili za kuburuta, kama mtu anayejuta. Mama alikuwa anajibu kwa kisigino ukutani, mara tatu. Hiyo ndiyo karibu yake, na ilimaanisha pia kwamba ngoja uone asubuhi.

"Sijauweka, mama."

"Unasubiri nini?"

"Mstari umeshapanda sana. Kila mmoja ameongeza. Nikiongeza na wa kwangu..."

"Wa kwako?" Mama aliuweka mwiko kwenye ubao wa dirisha, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Mwe! Watu hawa hawakwenda shule, na kila mmoja amemsemea mtoto wake. Mimi niliyesomesha mtu, ndiye wangu asiyesemewa. Nimesomesha ili watoto wa wenzangu wasikilizwe."

"Mama, Lusajo akigonga, Sikio litamsikia hata bila..."

"Usinifundishe. Hodi yake unaijua. Basi."

Aliondoka, mwiko akauacha. Tumpale aliusogeza mezani kwake. Alimpenda mdogo wake kuliko alivyompenda mtu mwingine yeyote duniani, na kwa sababu hiyo hasa alikuwa hajiamini. Alifunga dirisha. Mdundo wa Lusajo hakuuweka.

* * *

Usikilizaji ulianza mchana, familia zote zikiwa zimenyamazishwa. Jenereta zilizimwa. Waliokuwa wanapika waliambiwa waache kusonga, na aliyekuwa na kikohozi alipelekwa bondeni. Visikilizi vilivyochomekwa mlimani kote vilipeleka kwa Sikio kila mtikisiko, wa sasa na uliohifadhiwa tangu ajali, na Sikio likaanza kupepeta.

Wachimbaji wa Itungulu walikuwa na kanuni yao ya kugonga, na kanuni hiyo ilitungwa na watu waliolelewa vizuri. Ukifukiwa, unapiga hodi tatu, kila hodi ikifuatiwa na pumziko. Baada ya hapo unakaa kimya unatunza pumzi yako, unasubiri karibu kutoka juu. Ukiisikia karibu, unaanza upya, na safari hii hukomi mpaka wakufikie. Hodi ya nne bila karibu haikuwemo kwenye kanuni. Kwani nani anapiga hodi ya nne? Mwizi, au mlevi. Mgeni mstaarabu akipiga tatu asijibiwe, anajua wenyeji hawapo. Kanuni ilipopitishwa, ukumbi mzima ulipiga makofi, na hakuna aliyeuliza itakuwaje wenyeji wakiwepo lakini hawana hakika.

Karibu yenyewe ilikuwa nyundo ya tani nyingi, inayoangushwa juu ya mwamba. Paa la mgodi lilikuwa limeshapasuka, na nyundo hiyo ingeweza kulimalizia. Kwa hiyo haikuruhusiwa kuanguka mpaka Sikio liseme NDIYO.

Jioni haijaingia Sikio likasema KIMYA.

Wengine waliona neno hilo tu. Tumpale, kwa kuwa alikuwa mpimaji, aliruhusiwa kuona kilichokuwa chini ya neno. Akaona kilima. Katika tambarare yote ya kelele kulikuwa na kilima kimoja, upande wa kaskazini, kimejiinua juu ya vingine vyote na kusimama chini kidogo ya mstari. Mdundo uliolingana nacho haukuwa wa familia yoyote. Ulikuwa ule wa hovyo, wa mume wa Sekela, unaokubali kila kitu.

Alifanya hesabu. Angeiondoa ndoo ya Mzee Mwaijande, na kile kiti, na masufuria, na huyo mpiga makofi wa nje ya wimbo, mstari ungeshuka na kilima kingekuwa juu yake.  Halafu akafanya kitu ambacho mpimaji hafundishwi kukifanya: akachukua hodi ya Lusajo, mbili, moja, mbili za kuburuta, akailaza juu ya kilima.

Ililala vizuri. Tena mara tatu, na mapumziko katikati.

Tumpale alitoa sauti ambayo hakuikusudia. Aliinuka, akakaa, akaanza kulia, na hapohapo katikati ya kulia kichwa chake kikaanza kumsuta. Umetazama kwanza, ukachagua baadaye. Umeangalia wingu, ukaona uso wa unayempenda. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja; wahenga hao hawakuwahi kupima kelele.

Basi alijipima. Alifungua sauti za mlima za mwaka uliopita, za wiki ambayo mgodi ulifungwa kwa matengenezo na hapakuwa na binadamu chini. Akaitafuta hodi ya Lusajo humo.

Akaipata. Haikuwa na nguvu kama ya leo, lakini ilikuwepo, tena si mahali pamoja. Lusajo alikuwa amepiga hodi ndani ya mlima katika wiki ambayo alikuwa nyumbani, amekaa jikoni anakula ndizi na kumtania mama yake. Maji yalikuwa yamepiga hodi yake, au mawe.

Ya leo ilikuwa na nguvu zaidi. Hilo ndilo alilobaki nalo. Mtu mwingine angesema linatosha, lakini alikuwa amefundishwa kuuliza linatosha kwa nani.

Kulikuwa na njia moja ya haki: kusikiliza upya, safari hii kwa hodi hiyo moja tu iliyochaguliwa kabla, na mstari wake mfupi. Alisikiliza usiku kucha mpaka mlima ukapata mwanga. Hakukuwa na kilima popote. Pengine hapakuwa na mtu. Pengine mtu alikuwepo, alishapiga hodi zake tatu kama alivyolelewa, na sasa amekaa gizani anasubiri kukaribishwa.

* * *

Mwakalobo, mkuu wa uokoaji, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala kwenye kiti.

"Unaomba nini hasa?" aliuliza.

"Naomba karibu moja, mkuu. Iangushwe mara moja tu. Kama yupo atajibu."

"Kwa msingi gani? Sikio limesema kimya. Mara mbili."

"Mara ya pili kimya hakina maana. Kanuni yao inawaambia wanyamaze."

"Na mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza kilikuwa chini ya mstari kidogo."

"Chini ya mstari kuna watu wangapi, Tumpale?" Mwakalobo hakuwa anamkejeli. Aliuliza kama anayetaka kujua. "Juzi ulinieleza mwenyewe. Ulisema chini ya mstari kuna kila mtu tunayemtaka. Nilikuelewa siku ile. Nikiangusha nyundo, paa likawalalia walioko kusini, nitawaambiaje wazee wao? Kwamba tuliona kitu kinafanana na mdogo wake mpimaji?"

Tumpale aliikunja karatasi yake ya hesabu.

"Kama asingekuwa Lusajo," mkuu akasema polepole, "ungekuja hapa?"

Hilo lilimkuta pabaya, kwa sababu alishajiuliza. Kama kilima kile kingevaa mdundo wa ndoo ya Mzee Mwaijande, angetikisa kichwa, angesema ni kelele, pole sana baba. Angelala vibaya, lakini angesema.

"Sijui," alisema.

"Gesi imeshafika chini ya Itungulu mjini. Tumewahamisha wa bondeni, lakini hospitali bado, na wengine wamegoma kutoka. Tusipouziba mgodi leo moto utaifuata." Alisukuma kibao cha kuwekea dole gumba mbele yake. "Mimi siwezi kuziba bila dole lako. Ukiweka NDIYO, natoboa kaskazini saa hii na sikuulizi lolote. Mashine ni yako. Ukiushusha mstari, mimi sitajua."

Ukweli ni huo: asingejua. Hakuna mtu katika mlima ule angejua. Angeondoa midundo ya wenzake mmoja mmoja, mstari ukashuka, na Sikio lingewaka kijani kwa heshima zote. Mama yake angembusu mikono. Na kama Lusajo hayupo kaskazini, kama ni maji tu, basi tundu lingepuliza moto mpaka kwa yeyote aliye hai kusini, labda mpiga ngoma wa kwaya, labda yule asiyejua makofi, na wangekufa kwa sababu dada wa mtu alipenda kusikia.

Alimfikiria Lusajo amekaa gizani, mgongo ukutani, ametega sikio. Alitaka kupiga kelele. Mkono wake ulikuwa mzito kuinua, naye aliuchukia kwa kuwa uliinuka.

Aliweka dole. KIMYA.

"Pole, mwanangu," Mwakalobo alisema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

* * *

Familia ziliambiwa mchana. Kilio kilipanda kutoka kwenye uzio, na wanawake wakavua viatu wakaketi chini kwenye vumbi, kama ilivyo msibani. Mama yake Tumpale hakulia. Aliuliza mara moja tu kama hodi ya Lusajo ilisikika, na Tumpale akasema haikufikia mstari. Mama akageuka akaenda zake.

Kisima cha hewa kilichokuwa kimefunikwa tangu ajali kilifunuliwa kwa muda mfupi, bomba refu likashushwa mpaka chini, kisha kikafungwa tena kulizunguka bomba. Kupitia bomba hilo ndipo povu la kuzibia lingepita. Povu hilo lilikuwa na tabia ya hamira: lilipogusa joto lilijiumua lenyewe, likajaza kila njia na kila ufa, likaminya hewa na moto pamoja. Pipa la kwanza likishashuka, hakuna cha kulirudisha.

Fundi Gwakisa, msimamizi wa pampu, alifungua koki. Povu lilishuka likinguruma. Tumpale alikuwa ndani ya kibanda cha Sikio, kwa kuwa sheria ilitaka mashine ibaki wazi mpaka gesi itulie. Hakuwa anatazama. Alikuwa amelaza kichwa mezani karibu na mwiko wa mama yake.

Pipa lilipokwisha, Gwakisa alifanya kile ambacho kila fundi wa pampu hufanya. Alichukua nyundo ya mkono akaligonga bomba, ili mabaki yaliyoshika kuta zake yadondoke. Ngo. Ngo. Ngo.

Skrini ilibadilika. Sikio halikujua nani ni fundi na nani ni mwokoaji. Lilijua tu kwamba pigo limetoka juu kwenda chini, kwa saa inayojulikana, na lilikuwa limefundishwa kwamba pigo la namna hiyo ni karibu. Baada ya karibu hakuna haja ya kutafuta katika kila saa. Unasubiri jibu katika sekunde chache zinazofuata, basi. Kisichojulikana kimoja kikubwa kikatoweka. Mstari mwekundu, uliopandishwa asubuhi nzima na mandoo na masufuria, ukaporomoka.

Tumpale aliinua kichwa. Chini kulikuwa na kitu kinagonga. Hakikuwa na nguvu kuliko kilima cha kwanza, kilikuwa kilekile. Ila sasa kilikuwa juu ya mstari. Mbili, moja, mbili za kuburuta. Sikio likawaka kijani, na neno NDIYO likajaa skrini nzima.

Alikimbia.

"Funga!" alipiga kelele. "Fundi, funga, wapo! Wamejibu!"

Gwakisa alifunga koki palepale, kabla hajaelewa. Kisha akaelewa, na nyundo ikamponyoka. "Dada," alisema, "la kwanza limeshaingia lote. Linajiumua sasa hivi. Siwezi, dada. Mtu yeyote hawezi."

Tumpale aliweka kiganja juu ya bomba. Hakuhitaji tena mashine. Chuma kilikuwa kinatetemeka mkononi mwake, mbili, moja, mbili, halafu upya bila kupumzika, na chini ya hodi hiyo kulikuwa na nyingine, ya mtu hodari, mdundo wa kwaya, na nyingine tena isiyokuwa na mpangilio, inayochelewa kila mara. Walikuwa pamoja. Walisubiri wakanyamaza kama walivyolelewa, na sasa waliifuata kanuni ipasavyo: wamekaribishwa, kwa hiyo hawakomi mpaka wafikiwe. Walikuwa wanagonga kwa furaha.

Aliijua furaha hiyo. Ilimwingia mkononi ikapanda mpaka shingoni, na hakuwa na mahali pa kuiweka.

Wangekoma kugonga wangejua. Wangesikia povu linakuja gizani, wakajua kwamba ile haikuwa karibu. Tumpale aliinama akaokota nyundo. Akagonga bomba mara tatu, kama kisigino ukutani. Chini wakajibu. Akagonga tena. Gwakisa alimtazama, akaelewa, akavua kofia, akaenda kusimama mbali.

Aligonga wakajibu. Aligonga wakajibu, sasa wawili. Halafu alibaki yule wa dirisha la nyuma peke yake, polepole, zile za kuburuta zikiburuta kweli.

Mama yake alifika wakati huo. Walinzi walikuwa hawana tena cha kulinda, na lango lilikuwa wazi. Alikuwa amesikia karibu yake mwenyewe ikipigwa kwenye chuma, akapanda mlima kuifuata, bila viatu, vumbi la msiba likiwa bado kwenye nguo.

"Unamkaribisha nani?" aliuliza.



Mama alitazama bomba, akatazama kiganja cha binti yake juu ya bomba. Uso wake ulifunguka. Alimnyang'anya nyundo. "Wewe hujui kumpigia," alisema. "Unapiga kama mgeni." Akapiga mwenyewe, kwa nguvu, tatu, kisha akashika pumzi.

"Anajibu?"

Chuma kilikuwa kimepoa chini ya kiganja cha Tumpale. Alikaza vidole, akakandamiza zaidi, akasubiri kama alivyofundishwa kusubiri. Hapakuwa na kitu, na safari hii alikuwa na hakika.

"Anajibu, mama," alisema.

Mama yake akapiga tena.